Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Watu Wasiojulikana Sana katika Biblia

Kuna faida gani kumsoma mtu aliyetajwa katika mistari mitatu tu?

Habari nyingi kubwa za Biblia zimepitia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Yeremia angefia shimoni kama si mtumishi mmoja wa ikulu aliyetoka Kushi. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa karani ambaye wakristo wengi hawajawahi kulisikia jina lake. Msomaji anayewaruka watu hawa hubaki na mitume, manabii na wafalme wasio na jamaa, wasio na majirani wala makarani, na hatimaye historia yenyewe humponyoka.

Ipo pia sababu ya pili, nayo ndiyo inayonifanya niwapende zaidi. Mara nyingi ni majina haya madogo yanayokutana na ushahidi uliofukuliwa ardhini. Jina la mfalme mashuhuri linaweza kukumbukwa na kila mtu kwa karne nyingi, lakini jina la ofisa wa daraja la pili, pamoja na jina la baba yake, hukumbukwa na mtu aliyekuwa na habari za karibu. Katika majibu yanayofuata mifano ya jambo hili itajitokeza zaidi ya mara moja. Tahajia ya majina ni ile ya tafsiri ya Union Version, ambayo ndiyo wengi wetu tuliyolelewa nayo.

Ebedmeleki alikuwa nani, na alifanya nini hasa?

Alikuwa Mkushi, towashi katika nyumba ya mfalme Sedekia, wakati Wababeli walipokuwa wameuzingira mji wa Yerusalemu, muda mfupi kabla mji haujaanguka mnamo 587 au 586 K.K. Habari zake zimo katika Yeremia 38 na 39. Yeremia alikuwa akiwaambia watu waziwazi kwamba atakayebaki mjini atakufa na atakayejisalimisha kwa Wakaldayo, yaani Wababeli, ataishi, na wakuu wa mji wakaona kwamba maneno hayo yanawavunja moyo askari. Wakaenda kwa mfalme wakataka nabii auawe. Sedekia hakuwa na ubavu wa kuwakatalia, naye akasema wazi kwamba hawezi kufanya neno lolote kinyume chao. Basi wakamteremsha Yeremia kwa kamba ndani ya shimo la Malkiya. Maji hayakuwamo, yalikuwamo matope tu, naye akazama matopeni.

Ebedmeleki alipopata habari alitoka ikulu akamfuata mfalme katika lango la Benyamini, akasema mbele yake kwamba wakuu hao wametenda mabaya na kwamba Yeremia atakufa kwa njaa mahali pale, kwa maana mjini hamna mkate tena. Tuelewe uzito wa tendo hilo. Mgeni, towashi, asiye na ukoo wa kumtetea, anawashtaki wakuu wa nchi katika mji uliojaa hofu, na kwa mfalme ambaye siku chache kabla ameshindwa nao. Mfalme akamwambia achukue watu 30 amtoe nabii shimoni.

Ndipo linapofuata jambo ambalo mwandishi angeweza kuliacha bila kuiharibu habari yake. Kabla ya kwenda shimoni, Ebedmeleki alipitia chumba kilichokuwa chini ya hazina, akatwaa matambara na nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia kwa kamba, akamwagiza ayaweke makwapani, chini ya zile kamba, ndipo wamvute. Alikuwa amekwisha kufikiri jinsi kamba zitakavyomkata mtu aliyedhoofika kwa njaa anapong'olewa katika matope mazito. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika kitabu hicho panapoonyesha huruma kwa ukaribu kama hapo, na ni vigumu kuamini kwamba habari hiyo haikutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Sura ya 39 inaleta neno la Mungu kwake binafsi: mji utakapoangamizwa, yeye hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa, kwa kuwa amemtumaini Bwana.

Mkushi alifikaje katika ikulu ya Yerusalemu?

Kushi ni nchi ya bonde la Mto Nile kusini mwa Misri, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Sudani ya leo. Haikuwa nchi ya mbali wala ya kigeni kwa watu wa Yuda. Wafalme wa Kushi waliitawala Misri yote katika karne ya nane na ya saba K.K., na mmoja wao, Tirhaka, ametajwa katika 2 Wafalme 19:9 akitoka kupigana na Waashuri siku za mfalme Hezekia. Kwa hiyo wanajeshi, wafanyabiashara na watumishi wa Kikushi katika miji ya Palestina hawakuwa jambo la ajabu.

Je, kuna ushahidi wowote nje ya Biblia kuhusu watu hawa wa siku za Yeremia?

Upo, tena si haba. Waliodai Yeremia auawe wametajwa kwa majina katika Yeremia 38:1, na wawili kati yao ni Yukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri. Mwaka 2005, katika uchimbaji ulioongozwa na Eilat Mazar katika Mji wa Daudi huko Yerusalemu, kilipatikana kidonge cha udongo chenye alama ya muhuri wa Yukali mwana wa Shelemia. Mwaka 2008 kikapatikana kingine, jirani na pale, chenye jina la Gedalia mwana wa Pashuri. Vidonge hivi ni vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Barua ya mafunjo ilipokunjwa na kufungwa kwa uzi, kipande cha udongo mbichi kilibandikwa juu ya fundo na kugongwa muhuri, ili mtu asiweze kuifungua kwa siri. Moto ulipoteketeza nyaraka, udongo uliokaa juu yake uliokwa ukawa mgumu, na ndiyo maana umetufikia.

Kabla ya hapo, mwaka 1982, uchimbaji mwingine katika Mji wa Daudi, chini ya Yigal Shiloh, ulikuwa umetoa kidonge chenye jina la Gemaria mwana wa Shafani. Gemaria ndiye mwenye chumba cha hekalu ambamo Baruku, karani wa Yeremia, aliwasomea watu maneno ya nabii huyo, kama inavyoelezwa katika Yeremia 36:10.

Mfano wa tatu unatoka upande wa adui. Yeremia 39:3 inataja wakuu wa Babeli walioingia mjini, akiwamo Sarsekimu, mkuu wa matowashi. Mwaka 2007 mtaalamu Michael Jursa, alipokuwa akisoma mabamba ya udongo yaliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, alikuta stakabadhi ya mwaka 595 K.K. ya dhahabu iliyopelekwa katika hekalu la Esagila huko Babeli, na aliyeipeleka anaitwa kwa jina hilohilo na kwa cheo hichohicho cha mkuu wa matowashi. Bamba hilo lilikuwa limekaa katika makumbusho kwa miongo mingi bila mtu kutambua linamhusu nani.

Hata hivyo yafaa kuwa waangalifu. Muhuri huthibitisha kwamba mtu mwenye jina hilo aliishi. Hauthibitishi kila neno alilosema wala kila tendo alilotenda. Tena si kila kidonge ni cha kweli. Vile vyenye jina la Baruku mwana wa Neria vilitokea kwa wauzaji wa vitu vya kale, si katika uchimbaji, na wataalamu waliovichunguza baadaye wamevitilia shaka kubwa. Mhubiri anayevitaja madhabahuni kama ushahidi anajenga juu ya mchanga, ilhali vile vya Yukali na Gedalia viko, na vimetoka ardhini mbele ya macho ya mashahidi.

Kwa nini mfalme Yosia alituma watu kwa Hulda badala ya Yeremia?

Hulda alikuwa nabii mke, mkewe Shalumu mtunza mavazi, naye alikaa Yerusalemu katika mtaa wa pili. Habari zake zimo katika 2 Wafalme 22 na 2 Nyakati 34. Katika mwaka wa 18 wa Yosia, yaani mnamo 622 K.K., kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati hekaluni wakati wa matengenezo, na Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme. Yosia akararua mavazi yake, akatuma wajumbe watano, wakiongozwa na kuhani mkuu mwenyewe, wakaulize kwa Bwana.

Wakati huo Yeremia alikuwa amekwisha kuanza kazi yake miaka mitano nyuma, na Sefania naye alihubiri katika enzi ya Yosia. Waalimu wa Kiyahudi wa zamani waliliona swali hili, na mmoja wao akalijibu kwa kusema kwamba Yeremia alikuwa safarini. Maandiko yenyewe hayatoi udhuru wowote. Yanasema tu kwamba walikwenda kwa Hulda, naye akajibu pasipo kusita, akimwita mfalme "mtu huyo aliyewatuma kwangu". Nadhani jibu lililo wazi ndilo sahihi: walikwenda kwake kwa sababu walimjua na kumwamini.

Wengine huuliza kuhusu unabii wake kwamba Yosia atakusanywa kaburini kwa amani, ilhali mfalme huyo aliuawa Megido mwaka 609 K.K. na jeshi la Farao Neko. Mstari wa 20 unaeleza wenyewe amani hiyo ni ipi, kwamba macho yake hayataona mabaya yote yatakayoletwa juu ya mahali pale. Yosia alikufa zaidi ya miaka 20 kabla Yerusalemu haujateketezwa.

Msomaji aangalie pia ukoo wa Shafani. Ahikamu mwanawe alikuwa mmoja wa wajumbe waliokwenda kwa Hulda. Baadaye Ahikamu huyohuyo ndiye aliyemkinga Yeremia asiuawe, kama ilivyo katika Yeremia 26:24. Gemaria tumekwisha kumtaja. Na baada ya mji kuanguka, Wababeli walimweka Gedalia mwana wa Ahikamu kuwa liwali, naye si yule Gedalia mwana wa Pashuri aliyetaka nabii afe. Familia moja ya makarani, kwa vizazi vitatu, ililinda kitabu na kumlinda nabii, na hata hivyo ni makanisa machache mno yaliyowahi kusikia mahubiri juu yao.

Rispa ni nani, na kwa nini habari yake haisomwi sana makanisani?

Haisomwi kwa sababu ni ngumu. Rispa binti Aya alikuwa suria wa mfalme Sauli. Katika 2 Samweli 21 nchi imepatwa na njaa ya miaka mitatu, na Daudi anaambiwa kwamba sababu ni damu ya Wagibeoni ambao Sauli aliwaua. Wagibeoni hawataki fedha. Wanataka wanaume saba wa uzao wa Sauli. Daudi anawatoa, na kati yao wamo wana wawili wa Rispa, Armoni na Mefiboshethi. Wote saba wanatundikwa mlimani kwa siku moja, mwanzoni mwa mavuno ya shayiri.

Rispa akatwaa nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hata mvua ilipoinyeshea ile miili kutoka mbinguni, asiwaache ndege watue juu yao mchana wala wanyama wa mwitu usiku. Katika nchi ile shayiri huvunwa mnamo Aprili, na mvua za kawaida hazirudi hadi Oktoba. Hata kama mvua ile ilikuja nje ya majira yake, huyu ni mama aliyelala kandokando ya maiti zinazooza, wakiwamo watoto wa mwanamke mwingine, akifukuza tai na mbweha.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 21:23, iliagiza kwamba mtu aliyetundikwa asiachwe usiku kucha bali azikwe siku iyo hiyo. Kwa hiyo Rispa hakuwa akiomboleza tu. Alikuwa akiishika sheria ambayo waliotoa hukumu wameiacha. Daudi aliposikia alichofanya, alikwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, ikakusanywa na mifupa ya wale waliotundikwa, na mifupa ya Sauli na Yonathani ikazikwa katika kaburi la Kishi, babaye Sauli. Ni baada ya maziko hayo ndipo maandiko yanaposema kwamba Mungu aliombeka kwa ajili ya nchi. Hayasemi hivyo mara tu baada ya watu saba kuuawa. Mpangilio huo wa habari unastahili kusomwa polepole. Rispa hanenwi kuwa alisema hata neno moja, lakini ndiye aliyemfanya mfalme ainuke na kutenda.

Shifra na Pua walikuwa Waebrania au Wamisri?

Kutoka 1:15 inawaita wazalisha wa Waebrania, na maneno hayo huweza kumaanisha wakunga waliokuwa Waebrania au wakunga waliowahudumia Waebrania. Wafasiri wa kale waligawanyika. Hata hivyo, jina linalofanana sana na Shifra limeonekana katika orodha ya watumwa iliyoandikwa juu ya mafunjo ya Kimisri yanayohifadhiwa katika makumbusho ya Brooklyn, ya takriban karne ya 18 K.K., miongoni mwa majina ya watu wa asili ya Kisemiti. Si yeye, lakini linaonyesha kwamba jina la namna hiyo lilikuwa la wanawake wa jamii hiyo waliokuwa Misri.

Lililo dhahiri zaidi ni kwamba kitabu kinawataja wakunga wawili kwa majina na kumwacha Farao bila jina, na hadi leo wataalamu wanabishana ni Farao yupi.

Binti za Selofehadi walibadilisha nini?

Walikuwa watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wa kabila la Manase. Baba yao alifia jangwani bila kuacha mwana wa kiume. Katika Hesabu 27 walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike katika jamaa yake kwa sababu hakuwa na mwana. Musa hakuamua mwenyewe. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na jibu likawa kwamba wamenena vyema, na kwamba mtu akifa bila mwana urithi wake utapewa binti yake. Katika sura ya 36 wazee wa kabila walirudi na hoja ya kulinda ardhi ya kabila, na mabinti hao wakawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Yoshua 17 inaonyesha kwamba urithi walipewa kweli.

Hapa pia ardhi imetoa jambo. Mwaka 1910 wachimbaji katika mji wa kale wa Samaria walipata vigae vilivyoandikwa wino, vya karne ya nane K.K., vikiwa ni kumbukumbu za divai na mafuta yaliyoletwa mjini kutoka wilaya za jirani. Kati ya majina ya wilaya hizo yamo Noa na Hogla. Kwa hiyo, mamia ya miaka baada ya wakati wanaosimuliwa, sehemu mbili za nchi ya Manase zilikuwa bado zinaitwa kwa majina ya wanawake hawa, na makarani wa mfalme waliyaandika majina hayo kila walipopokea mtungi wa divai.

Habari hii husomwa sana katika semina za urithi wa ardhi kwa wanawake katika Kenya na Tanzania, na ni haki isomwe. Ila isomwe pamoja na sura ya 36, maana ukweli nusu hauwasaidii wajane na mabinti wanaokabiliana na wazee wa ukoo.

Je, sala ya Yabesi ni njia ya kupata mali?

Hapana. Yabesi ametajwa katika 1 Nyakati 4:9-10 tu, katikati ya orodha ndefu ya uzao wa Yuda. Tunaambiwa kwamba aliheshimiwa kuliko nduguze, kwamba mama yake alimzaa kwa huzuni, kwamba aliomba, na kwamba Mungu alimjalia aliyoyaomba. Hatuambiwi alipata nini, wala alirudia sala hiyo mara ngapi. Kumfanya kuwa kanuni ya utajiri ni kumvika mavazi yasiyo yake.

Simoni Mkirene alikuwa Mwafrika?

Alitoka Kirene, mji wa Kiyunani katika pwani ya Libya ya leo, wenye jamii kubwa ya Wayahudi. Kwa maana ya nchi, ndiyo, alitoka Afrika. Kuhusu rangi ya ngozi yake Injili hazisemi lolote, na jina lake ni la Kiyahudi. Watu wa Kirene wanaonekana tena katika Matendo 11:20, ambapo baadhi yao walikuwa kati ya wa kwanza kuwahubiria watu wa mataifa kule Antiokia, na katika Matendo 13:1 yumo Lukio Mkirene.

Marko peke yake anaongeza kwamba Simoni alikuwa baba yao Iskanda na Rufo. Maneno hayo hayana kazi isipokuwa wasomaji wake wa kwanza waliwafahamu vijana hao, kama vile mtu anavyosema mtaani, "baba yake fulani." Warumi 16:13 inamtaja Rufo mmoja na mama yake. Mwaka 1941, katika kaburi la pangoni kwenye bonde la Kidroni, kilipatikana kisanduku cha mawe cha kuhifadhia mifupa chenye maandishi "Aleksanda (yaani Iskanda) mwana wa Simoni", na majina mengine kaburini humo yanaelekeza kwenye familia iliyotoka Kirene. Majina yote mawili yalikuwa ya kawaida, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba ndiye. Lakini mkutano wa baba, mwana na mji wa asili katika kaburi moja la karne ya kwanza hauwezi kupuuzwa.

Kwa nini Warumi 16 ina majina mengi hivyo?

Kwa sababu Paulo alikuwa hajafika Rumi, na alitaka kanisa lijue kwamba wapo watu wengi huko wanaomfahamu. Anawasalimu kwa majina zaidi ya watu 20. Wanne katika sura hiyo wanaulizwa sana.

Fibi ametajwa kwanza, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya mashariki ya Korintho, aliyewasaidia watu wengi pamoja na Paulo mwenyewe. Kwa kuwa Paulo anamkabidhi kwa Warumi na kuwataka wampokee, wafasiri wengi huona kwamba ndiye aliyeubeba waraka. Yunia, aliyefungwa pamoja na Paulo na kusifiwa kuwa maarufu miongoni mwa mitume, alitambuliwa kuwa mwanamke na mhubiri Yohana Krisostomo katika karne ya nne, na Krisostomo huyo alikuwa mtu wa Kiyunani aliyeijua lugha ya waraka tangu utotoni. Waliomgeuza kuwa mwanamume walikuja baadaye sana. Tertio anajitokeza mwenyewe katika mstari wa 22: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Mwandishi aliyeketi saa nyingi akisikiliza na kuandika waraka mrefu kuliko zote za Paulo alipata mstari mmoja wa kwake.

Erasto, wakili wa mji wa Korintho, ana jambo la ziada. Mwaka 1929, karibu na ukumbi wa michezo wa Korintho, yalionekana maandishi yaliyochongwa katika sakafu ya mawe yakisema kwamba Erasto aliitengeneza sakafu hiyo kwa gharama zake mwenyewe kwa sababu ya cheo alichopewa mjini. Wataalamu wanabishana kuhusu tarehe ya jiwe na kama vyeo hivyo viwili vinalingana.

Nitawatofautishaje watu wenye jina moja?

Tazama baba, mji au kazi. Katika Matendo ya Mitume wapo Anania watatu: mume wa Safira katika sura ya 5, mwanafunzi wa Dameski aliyemwekea Sauli, ndiye Paulo, mikono katika sura ya 9, na kuhani mkuu aliyeamuru Paulo apigwe kinywa katika sura ya 23. Katika 2 Samweli 21 wapo Mefiboshethi wawili ndani ya mistari miwili: mwana wa Yonathani, ambaye Daudi alimwachilia, na mwana wa Rispa, aliyeuawa.

Majina kama Makeda, Zulekha na Dismas yametoka wapi, ikiwa hayamo katika Biblia?

Yametoka katika mapokeo ya baadaye. Biblia haimtaji kwa jina malkia wa Sheba. Waethiopia humwita Makeda na Waislamu Bilkisi. Haitaji jina la mke wa Potifa, ambaye pwani yetu yote inamjua kwa jina la Zulekha. Haisemi kwamba mamajusi walikuwa watatu, achilia mbali kuwaita Kaspari, Melkiori na Balthazari. Jina la Dismas kwa yule mhalifu aliyetubu, na majina ya Yoakimu na Ana kwa wazazi wa Mariamu, hutoka katika maandiko yasiyokuwamo katika Agano Jipya.

Kurani nayo, katika wanawake wote inaowazungumzia, inamtaja kwa jina Maryamu pekee. Jina la Asiya, mke wa Firauni, limekuja kwa njia ya hadithi na tafsiri. Mapokeo si uongo kwa sababu ni mapokeo. Kosa ni kuyanukuu kana kwamba ni maandiko.

Je, Biblia ya Kiswahili nayo ina watu wake wasiojulikana?

Inao, na yasikitisha jinsi tulivyowasahau. Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin, aliyekuwa na asili ya Barawa. Msingi wa kwanza wa Mwanzo kwa Kiswahili uliwekwa basi kwa msaada wa mwanachuoni Mwislamu, na haki inadai atajwe kila Krapf anapotajwa.

Baadaye kidogo yupo Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa na wamisionari wa Kianglikana Unguja. Mwaka 1890 alipewa upadri, akiwa Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo, na alifanya kazi yake Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo.

Nianzie wapi kusoma habari za watu hawa?

Anza na Yeremia 36 hadi 40, ukiwa na karatasi ya kuandikia kila jina, baba yake na upande aliosimama. Ukifika mwisho utakuwa na ramani ya siasa ya Yerusalemu katika miaka yake ya mwisho. Kisha soma 2 Samweli 15 hadi 19, Daudi anapomkimbia Absalomu. Humo utamkuta Itai Mgiti, mgeni aliyekataa kurudi nyuma. Hushai aliyeuvuruga ushauri wa Ahithofeli. Siba na maneno yake yenye shaka juu ya bwana wake. Na Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80, aliyemlisha mfalme huko Mahanaimu, na alipoalikwa kuhamia ikulu akaomba arudi afie katika mji wake, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Ukitaka kumfuata zaidi Kimhamu huyo, jina lake limo tena katika Yeremia 41:17, karibu na Bethlehemu, miaka kama 400 baadaye.